Hodi Kutoka Ndani

Kilichoanza ni harufu. Chumba cha uani cha nyumba ya Castory, pale Manundu, kilianza kunuka mvua wakati Korogwe nzima haijaona wingu la maana kwa muda mrefu. Haikuwa ile harufu tamu ya vumbi lililonyeshewa, inayowatoa watoto nje. Ilikuwa harufu ya majani yaliyooza chini ya miti mingi, ya nguo zilizolowa, zikakaukia mwilini, zikalowa tena. Edna, mke wa Castory, alitoa godoro akalianika juani. Akapiga deki kwa dawa. Akamulika darini akitafuta panya aliyekufa. Kesho yake harufu ilikuwa palepale.

"Unalalaje humu?" alimuuliza binti yake.

"Mama, mimi sisikii harufu yoyote," Angel alijibu. "Nasikia baridi tu."

Baridi, katika siku ambazo bati lilikuwa likilia kwa joto tangu asubuhi.

Chumba chenyewe kilikuwa kipya. Castory alikuwa fundi seremala, na alikijenga kwa mikono yake ili Angel, ambaye alikuwa ameanza kushona nguo za watu, apate mahali pa kuweka cherehani. Kila kitu ndani yake kilikuwa kipya isipokuwa mlango. Shamba moja la mkonge nje ya mji lilikuwa likibomoa kambi zake za zamani, zile nyumba za mstari walimokaa manamba, vibarua wa mkataba, enzi za Mwingereza, na mwenye kutaka bati au mbao alikwenda kuchagua. Castory alipouona ule mlango wa mninga, mzito, haujaguswa na mchwa, alijua hatapata mbao kama ile tena. Aliupiga randa kidogo, akaupaka vanishi, akaufunga.

Siku moja asubuhi Angel alikuwa ameenda sokoni kununua uzi. Edna alikuwa uani, kakaa juu ya kigoda anachambua mchicha. Akasikia mlango ukigongwa. Ugongaji wa kistaarabu, wa mgeni asiye na haraka.

"Karibu," alisema bila kuinua uso, kama mtu yeyote anavyosema.

Hakuingia mtu. Edna akatazama kwenye lango. Lango lilikuwa wazi na njia ilikuwa tupu. Mlango ukagongwa tena, na safari hii akageuka, kwa sababu sauti haikutoka langoni. Ilitoka nyuma yake, kwenye chumba cha Angel, kilichofungwa kwa kufuli kwa nje.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanamume, ya chini, iliyochoka. "Hodi wenyewe."

Ilikuwa inatoka ndani.

Mchicha ulimwagika. Edna alikimbia hadi kwa jirani bila kanga begani, na hakurudi mpaka mumewe alipotoka kazini. Castory alifungua kufuli. Hapakuwa na mtu. Ila sakafuni, nyuma ya mlango, palikuwa na maji, si mengi, kiasi cha mtu aliyesimama mahali pamoja na nguo zinazochuruzika.

"Usimwambie Angel," Castory alinong'ona.

"Baba Angel," Edna naye akanong'ona, "mimi nilimkaribisha. Alipiga hodi, nikasema karibu."

*

Angel aliacha kula. Alianza kwa kusema chakula hakina chumvi, kisha akawa anakitazama tu. Maji ndiyo aliyoyataka. Alikunywa kama mtu aliyetoka jangwani, na kadiri alivyokunywa ndivyo alivyotetemeka. Walimpeleka hospitali, akapimwa malaria, akapimwa na vingine, akatundikiwa dripu, akarudishwa nyumbani. Majibu yote yalikuwa safi. Mtoto alikuwa anakauka machoni mwao.

Castory akaamua kumleta mama yake, Bibi Emiliana, kutoka Kerenge. Bibi alikuwa amepita miaka themanini na bado alilima bustani yake mwenyewe. Alipofika hakuuliza mengi. Aliketi kitandani kwa mjukuu wake, akamshika mkono, akaushtukia kwa ubaridi wake.

Jioni ile, kabla taa hazijawashwa, Angel alianza kuimba. Aliimba amefumba macho, taratibu, kwa lugha ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeijua. Si Kizigua, si Kishambaa. Fundi baiskeli wa jirani, Matayo, kijana aliyetoka Kasulu, alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa. Aliposikia akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shikamoo bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu dada kajifunza wapi Kiha?"

"Hajui Kiha," Edna alisema.

"Hiki ni Kiha, mama. Tena cha wazee wa kale. Wimbo wa watu wanaorudi safari. Anasema miguu imekwisha, lakini ameuona moshi wa kwao."

Angel akafumbua macho. Macho yake yalimpita Matayo, yakampita mama yake, akatazama pembeni kwenye giza, na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamume, ile ile aliyoisikia Edna, ikizungumza Kiswahili cha kizamani, cha kambini, kilichovunjikavunjika.

"Chausiku," ilisema. "Mimi narudi. Funga mizigo. Sisi nakwenda kwetu sasa."

Bibi Emiliana aliuachia mkono wa mjukuu wake kana kwamba ameshika kaa la moto.

"Chausiku ni nani?" Edna alinong'ona.

 Bibi aligeuka akautazama mlango, akauliza kitu ambacho hakuna aliyekitegemea.

"Castory. Mlango huu uliutoa chumba gani?"

"Kile cha mwisho, mama. Karibu na tangi la maji."

Ajuza akafunika uso kwa kanga.

*

Chausiku alikuwa mama yake Bibi Emiliana. Mzigua wa Handeni, binti wa Kiislamu, aliyekuwa akipeleka muhogo na ndizi kuuza kwenye kambi za mkonge. Huko ndiko alikokutana na Simeo Bitariho, Muha, aliyetoka kwao kwa miguu, akapanda treni asiyojua inakompeleka, akashushwa Korogwe akapewa kisu cha kukatia mkonge na namba badala ya jina. Ndugu za Chausiku hawakumtaka. Mtu wa mbali, wa dini nyingine, asiye na hata mjomba wa kumsemea. Chausiku akaenda kukaa naye hivyo hivyo, chumba cha mwisho karibu na tangi.

Kisha vita. Mwingereza alitaka watu, na Simeo akaingizwa jeshi la Keya pamoja na wengine, wakavishwa kaptura za kaki, wakapelekwa kwa meli hadi Burma, ambako wazee walikuita Bama. Chausiku alikuwa na mimba. Asubuhi ya kuondoka Simeo aliweka kiganja chake juu ya tumbo la mkewe akasema, akiwa wa kike aitwe Emiliana, jina ambalo mama yake Simeo alipewa na mapadri. Akasema: usihame hapa. Nikirudi, nitajuaje pa kugonga?

Hakurudi. Ililetwa habari ya maneno tu: amepotea msituni wakati wa masika, hajulikani alipo. Hakuna kaburi, hakuna mtu aliyesema amemwona akifa. Chausiku akakaa kwenye kile chumba na mtoto mgongoni mpaka msimamizi akamtoa, maana chumba kilikuwa cha mfanyakazi. Kaka zake wakamrudisha Handeni, wakamwoza. Mume yule hakuwa mbaya, ila jina la Simeo lilikuwa halitajwi nyumbani kwake, kwa hiyo Chausiku alimsimulia mwanawe shambani tu, wameinama wanapalilia, wala hakuinua uso akisimulia.

"Nimekua bila kumjua," Bibi Emiliana alisema. "Sina picha yake. Hata kama alikuwa mrefu au mfupi sijui. Mama alipokufa, alikufa ameshajua kwamba baba amelala huko Bama." Akautazama mlango wa mninga. "Kumbe yupo njiani."

*

Siku zilizofuata nyumba ile haikuwa tena ya Castory. Majirani walioingia kutoa pole walitoka upesi. Hodi ilikuwa ikipigwa mchana kweupe, kutoka ndani, Angel akiwa amelala macho wazi, na kila ilipopigwa maji yalionekana sakafuni, na ile harufu ya msitu uliooza ikatoka chumbani ikaingia jikoni, ikaingia kwenye unga, kwenye nguo zilizokunjwa, kwenye nywele za Edna, hata alipokwenda kanisani watu waliokaa benchi moja naye walisogea kidogo bila kujua wanachokikimbia. Bibi Emiliana peke yake hakukimbia. Alikaa na mgonjwa, na Edna, akipita dirishani, alimsikia akizungumza kwa sauti ya chini, akiuliza mambo, kisha akinyamaza kama mtu anayengoja jibu.

"Mama," Castory alimwambia, "usimzoee. Anatuulia mtoto."

"Najua," alijibu. "Najua, baba."

Lakini alikuwa ameshaanza kumzoea, na hilo ndilo lililomtisha Castory kuliko hodi yenyewe.

Kisha Angel akatoweka. Edna aliamka alfajiri akakuta kitanda kitupu na shuka halipo. Walimtafuta Manundu nzima, stendi, sokoni, mpaka dereva mmoja wa lori akawaambia amempita msichana barabarani, amebeba furushi kichwani, hatazami magari. Castory akapanda bodaboda. Alimkuta ameshavuka daraja la mto, anatembea kwa mwendo wa askari, mikono ikipiga sawasawa, magari yakimpigia honi na kumkwepa, na alipomshika bega, huyo binti wa kilo arobaini na kitu alimburuta baba yake kwenye lami kama mtoto, huku akisema bila hasira, kwa ile sauti nzito, "Acha, bwana. Nakwenda na mke yangu. Kwetu mbali. Mvua itatukuta njiani." Iliwabidi wanaume wanne kumlaza chini, na alipolazwa miguu yake iliendelea kutembea hewani.

*

Mganga waliyemwendea aliitwa Mzee Mustafa. Aliishi ndani kutoka Kabuku, upande wa Handeni, kijiji ambacho watu wake waliishi kwa mahindi na mbuzi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kikohozi, aliyewapokea akiwa ametoka kufukuza ngedere shambani. Alimwamkia Bibi Emiliana shikamoo, akasikiliza habari yote, akamtazama Angel aliyefungwa kwa kanga kwenye kiti cha nyuma cha gari, kisha akautazama mlango uliofungwa kwa kamba juu ya gari, maana Bibi alisisitiza usiachwe.

"Mmefanya vizuri kuuleta," alisema. "Huyu si jini wa kununuliwa, wala si wa kutumwa. Hao nawajua, wanataka damu, wanataka marashi, unawapa wanakwenda. Huyu anataka kwao tu. Mtu wa namna hii ni mgumu, kwa sababu hana ubaya."

"Atatoka?" Castory aliuliza.

"Amemshika binti akidhani ni mkewe. Akimfikisha anakotaka kumfikisha, nyie mtabaki na ganda." Akakohoa. "Alikaribishwa kwa mdomo. Atatolewa kwa mdomo. Lakini si wangu. Mimi si mtu wa kwake. Ni wa damu yake."

Wote wakamgeukia Bibi Emiliana.

Waliusimamisha mlango kwenye shamba lililokwisha vunwa, ukiwa umeegemezwa kwenye miti miwili, mbele hakuna nyumba na nyuma hakuna nyumba. Jua lilikuwa linaelekea kushuka na mabua yalikuwa makavu kama karatasi. Angel alilazwa mkekani upande mmoja. Bibi Emiliana aliketishwa upande wa pili, miguu ameinyoosha, haoni kitu isipokuwa mbao. Mzee Mustafa alifukiza ubani, akasoma aliyoyasoma, kisha akachuchumaa karibu na sikio la Bibi.

"Atapiga hodi," alinong'ona. "Usiseme karibu. Hata kwa bahati mbaya. Mwambie wenyewe hawapo. Basi, maneno hayo tu. Akiamini, atageuka."

"Na nikimwambia mimi ni nani?"

"Utakuwa umemfungulia, bibi. Na mjukuu hutaondoka naye."

Wakangoja. Upepo ulikuwa umekufa. Harufu ya msitu ikaja juu ya shamba lile kavu, nzito, mpaka Edna akaziba pua, na kutoka upande wa pili wa mlango, alikolala Angel, kifua chake sasa kikipanda na kushuka kwa shida kama kifua cha mtu anayezama, mbao zikagongwa ingawa mikono ya Angel ilikuwa imefungwa.

"Hodi."

Bibi Emiliana alifungua mdomo. Akaufunga tena.

"Hodi wenyewe. Iko mtu ndani?"

"Mjibu," mganga alinong'ona.

"Chausiku? Mimi Simeo. Natembea sana, Chausiku. Kila mahali nafika, si hapa. Nafungua msitu, iko msitu mwingine." Sauti ilipumzika. "Mtoto anazaliwa?"

Machozi yalikuwa yanatiririka kwenye mikunjo ya uso wa ajuza. Mganga alimtikisia kichwa, hapana, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Alizaliwa."

"Mzima?"

"Mzima."

"Mtoto gani?"

"Wa kike. Alipewa jina lile."

Nyuma ya mlango wakasikia kitu ambacho Castory alisema baadaye kilimuumiza kuliko kilio chochote: mtu mzima akicheka peke yake, taratibu, kwa furaha, kama anayejificha asionekane anacheka.

"Emiliana," ilisema sauti. "Mimi nataka kumwona. Kidogo tu. Halafu nakwenda."

Bibi aliinua mkono wake akauweka juu ya mbao. Kiganja kizima. Edna alimwona na akajua kwamba mama mkwe wake hatasema yale maneno. Miaka themanini alikuwa ameingoja hodi hii. Na wakati huohuo, upande wa pili, Angel alikuwa anabadilika rangi. Midomo ilikuwa imegeuka majivu, na pumzi moja ilikwenda mbali sana kabla ya nyingine kuja.

"Mama!" Castory alilia. "Mama, anakufa!"

Bibi Emiliana aliuondoa mkono. Aliufuta kwenye kanga yake. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtu wa kawaida, kama mama yeyote anayejibu uani kwake.

"Wenyewe hawapo."

"Wanakwenda wapi?"

"Walihama. Zamani. Hapa hapana mtu."

Bua moja likavunjika mahali fulani shambani.

"Na wewe nani?"

Bibi alifumba macho.

"Mimi mpita njia tu," alisema.

Wakasikia pumzi ndefu, na hodi haikupigwa tena. Sauti ilipokuja ilikuwa ya adabu, ya mgeni anayeomba radhi kwa kumsumbua mtu asiyehusika.

"Haya, mama. Asante. Ukiwaona, uwaambie Simeo alipita."

Kisha mabua yakalia, moja baada ya jingine, kuelekea linakozama jua, kama yanayokanyagwa na mtu mwenye viatu vizito, yakalia kwa mbali, yakanyamaza. Mlango ulianguka wenyewe. Angel alikohoa, akatapika maji ya rangi ya chai, na majani meusi madogo ambayo hakuna mti wa Handeni unaoyazaa, kisha akalia kwa sauti yake mwenyewe akimwita mama yake.

Castory na Edna walimkimbilia. Bibi Emiliana alibaki ameketi palepale, akitazama kule mabua yalikolala. Mzee Mustafa akaja akamsaidia kusimama.

"Mwanangu," Bibi alimwuliza, "amekwenda wapi?"

Mganga alikohoa, akatazama chini.

"Bibi, sitakudanganya. Mimi nilifundishwa kutoa. Kupeleka sikufundishwa."

*

Mlango waliuchoma kulekule. Walipomlaza Angel kwenye gari ndipo Edna alipoona nyayo zake. Zilikuwa nyeupe, zimevimba, zimechanika mistari mirefu, ngozi ikitoka mabonge kama ya mtu aliyesimama ndani ya maji ya matope mwezi baada ya mwezi bila kuvua viatu. Angel alikuwa ametembea barabarani asubuhi moja tu.

"Alikuwa haumwi kitu kingine, bibi," Angel alisema njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa ajuza. "Miguu tu. Alikuwa hata hana hasira. Alikuwa anaona ni kama ameondoka juzi."

Bibi Emiliana hakurudi Kerenge. Alimwomba Castory mafuta ya nazi na beseni, na kila siku jua lilipopungua alikaa kwenye mkeka uani, akaichukua miguu ya mjukuu wake mapajani, akaiosha kwa maji ya vuguvugu, akaikanda, kidole kwa kidole. Edna alitaka kumpokea, akakataa. Castory alitaka kumletea dawa ya dukani, akakataa. Ngozi ya zamani ikabanduka, mpya ikaja, laini kama ya mtoto.

"Imepona sasa, bibi," Angel alimwambia siku moja, akijaribu kuivuta. "Pumzika. Imepona kabisa."

"Najua," Bibi alisema, akaishika, akaendelea kuikanda.